Chupa mbili za maji

Hotuba kwa wanafunzi wa klabu ya sayansi na wazazi wao, katika ukumbi wa shule ya sekondari jijini Tanga. Imeandikwa upya na mzungumzaji mwenyewe.

Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, shikamooni mnaostahili shikamoo. Wanangu, hamjambo?

Juu ya meza hii nimeweka chupa mbili za maji ya bahari. Waliokaa mbele wanaziona vizuri, wa nyuma mtaniamini. Zote mbili ni maangavu, hazina uchafu wala harufu. Maji ya chupa moja yametoka kwenye tangi ambalo samaki klauni, samaki wadogo wa rangi wa baharini, wanaishi ndani yake mwaka wa tisa sasa. Maji ya chupa ya pili yametoka kwenye ndoo niliyoitayarisha wiki iliyopita, na samaki akitiwa humo leo, Jumapili haimkuti. Sitawaambia ipi ni ipi. Tutaijua kabla hatujaachana, na mmoja wenu, wanangu, ndiye atakayetuonyesha.

Wengi mnanifahamu kwa kazi ya ufundi wa mafriji. Hiyo ndiyo inayonilisha. Lakini kwa miaka 14 sasa, sebuleni kwangu, kuna sanduku la kioo lenye lita 84 za maji ya chumvi, na jioni nikirudi kazini huwa nakaa mbele yake kabla hata sijavua viatu. Nimeombwa nieleze namna ya kuandaa tangi kama hilo. Nitaeleza, ila nianze na kosa langu, kwa sababu kila ninachokijua kilianzia hapo.

Nilidhani mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa bahari. Nimekua nikijua bamvua na maji mafu, najua kusi inavyokuja na kaskazi inavyoondoka. Basi nikanunua tangi, nikashuka ufukweni na madumu manne, nikajaza, nikatandaza mchanga, nikawasha pampu. Siku hiyohiyo kijana mmoja mvuvi akaniletea klauni wawili ndani ya ndoo, jike na dume, rangi ya machungwa hafifu, na ukanda mmoja mweupe umewapita mgongoni kutoka mdomoni hadi mkiani. Alikuwa amewatoa kwa anemoni mmoja, mnyama wa baharini mwenye mikono laini mingi kama ua, upande wa kisiwa cha Yambe. Nikamlipa. Watoto wangu walikaa mbele ya kioo mpaka wakalala palepale kwenye mkeka.

Siku ya tatu, alfajiri, niliwakuta wote wawili wamelala ubavu kwenye mchanga, matamvua yamefumbuka, mekundu. Maji yalikuwa meupe kama haya mnayoyaona hapa mezani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: nilitazama, na sikuona kosa liko wapi.

Bamvua iliyofuata, maji yalipokupwa, nilimwomba yule kijana anipeleke mahali alipowatoa. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikashuka. Anemoni wao alikuwa pale, amejikunja, mdogo, na samaki bapa wa manjano wanamzunguka wakimdonoa mikono. Sikuwa najua kwamba klauni humlinda mwenyeji wake. Yeye hujificha katikati ya mikono ya anemoni, mikono inayochoma samaki wengine wengi, na ute wa ngozi yake ndio unaomkinga asichomwe. Naye hulipa: huwafukuza samaki wanaokula anemoni, hata wakiwa wakubwa kumshinda. Mimi nilikuwa nimeua wawili nyumbani na kumwacha wa tatu peke yake baharini. Nilipopanda kwenye ngalawa sikuwa na la kumwambia yule kijana.

Basi tuanze kwa kuuliza, kitu gani kiliwaua?

Samaki hula, hupumua na hutoa taka ndani ya maji yaleyale. Taka yake kubwa ni amonia, na nyingi hutokea kwenye matamvua yenyewe, kila anapopumua. Baharini amonia hiyo huchukuliwa na maji, ikaisha. Ndani ya lita 84 haina pa kwenda. Tena maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi; ikiwa juu, asidi ni ndogo) ya karibu 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi ukali. Kiasi ambacho samaki wa mto angekivumilia, klauni kinamuunguza matamvua. Anakosa pumzi katikati ya maji yaliyojaa hewa.

Kuna viumbe wanaoila sumu hiyo. Ni bakteria, na hawaonekani kwa macho. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo si salama. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo klauni anaweza kukaa nayo kwa kiwango kidogo, nasi tunaipunguza kila tunapobadilisha maji. Bakteria hawa hawaogelei ovyo. Wanajishika kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya kichujio. Wanazaana taratibu. Mpaka watoshe kusafisha tangi zima huchukua kama wiki 4 hadi 6, na katika wiki hizo zote tangi halina samaki hata mmoja.

Najua hili ndilo gumu kuliko yote. Umetumia fedha, taa inawaka, pampu inavuma, watoto wanauliza samaki wako wapi, na wewe una maji na mawe. Dukani utaambiwa weka samaki mmoja leo, wa bei rahisi, ajaribie maji. Mimi nasema hapana. Samaki wa bei rahisi naye anaungua matamvua vilevile. Chukua kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kitupe ndani kioze. Kinapooza kinatoa amonia, na bakteria wanapata chakula chao bila mtu kuumia. Kila baada ya siku mbili pima maji kwa vipimo vya matone, uandike kwenye daftari. Utaona amonia ikipanda, halafu inashuka. Inaposhuka nitriti inapanda. Kisha nayo inashuka, na nitrati inaanza kuonekana. Amonia na nitriti zikifika sifuri, tia kipande kingine, upime tena kwa siku kadhaa. Zikibaki sifuri, bakteria wako wameenea. Daftari langu la kwanza ninalo mpaka leo. Limeandikwa na binti yangu, alikuwa darasa la nne, na nadhani hapo ndipo alipojifunza kuchora grafu kabla mwalimu hajamfundisha.

Sasa tangi lenyewe. Langu lina urefu wa sentimita 60, upana 35, kimo 40. Zidisheni, mtapata lita 84. Kwa klauni wawili linatosha. Dogo zaidi linawezekana, lakini ninawasihi wanaoanza wasiende chini ya hapo, kwa sababu maji machache huharibika haraka. Kosa dogo kwenye lita 30 ni msiba, kwenye lita 84 unapata siku ya kulirekebisha. Fundi vioo yeyote mzuri anaweza kukuundia. Mwambie atumie kioo cha milimita 8 na silikoni safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina dawa hiyo na dawa hiyo ni sumu. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 86, ongeza kioo, mawe na mchanga, umevuka mia. Meza iwe imara, imenyooka, na isiwe ya chuma kisichopakwa rangi, chumvi itaila mbele ya macho yako. Weka mbali na dirisha. Jua linaotesha utando wa kijani kwenye kioo na linapasha maji moto.

Mawe. Hapa nataka mnisikilize, hasa vijana mnaojua kuzamia. Usivunje tumbawe. Matumbawe magumu yote duniani yamo kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kipande cha bahari kilicho mbele yetu hapa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la yule samaki wa kale, iliyotangazwa mwaka 2009. Hata kama sheria isingekuwepo, mwamba wetu umeshapigwa baruti kwa miaka mingi, hauna cha kutugawia. Tunalo jiwe jingine. Pwani yote hii tunayokanyaga ni tumbawe la kale, lililokuwa bahari kabla hatujazaliwa sisi wala mababu. Ndilo jiwe walilojengea misikiti na nyumba za zamani kutoka Lamu hadi Kilwa. Linachimbwa nchi kavu, lina vitundu kama mkate wa mofa, na bakteria wanapenda vitundu hivyo. Nilichukua kama kilo 9, nikasugua udongo kwa brashi ngumu, nikaloweka kwenye pipa wiki tatu huku nikibadilisha maji mpaka yakaacha kuwa na rangi. Mawe hayo ndiyo yaliyomo ndani ya tangi langu hadi leo. Ukiyatazama sasa huwezi kuamini yalitoka kwenye shimo la mjenzi. Yamejaa magamba ya zambarau, na minyoo midogo ya bahari inachungulia usiku.

Kuhusu maji, watu wengi huniuliza: si tuna bahari, shida iko wapi? Bahari tunayo, lakini ipi? Maji niliyoyachota mara ya kwanza yalikuwa ya ufukweni karibu na mfereji, mwezi wa Aprili, masika imeshika. Mto umeleta udongo, mifereji ya mji imeleta sabuni na mafuta, na maji yamepungua chumvi. Siku hizi namlipa mwenye mashua anichotee mbali na pwani, maji yanapojaa siyo yanapokupwa, kwa sababu maji yanayojaa yanatoka bahari kuu na yanayokupwa yanatoka kwetu. Siku za bamvua ndizo nzuri. Masika ikinyesha nasubiri. Madumu yangu hayajawahi kubeba mafuta wala dawa yoyote. Nikifika nyumbani nayaweka gizani wiki mbili yatulie, kisha nachuja kwa kitambaa kizito, nikaacha uchafu wa chini.

Anayeishi mbali na pwani, ndugu zetu wa Dodoma au Arusha, atanunua chumvi ya akwaria na kuichanganya na maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, takriban gramu 35 kwa kila lita. Hapa kuna swali ambalo huulizwa kila mara, nami nalipenda: kwa nini tusitumie chumvi ya kwenye mashamba ya chumvi, si imetoka baharini? Imetoka baharini, lakini haikutoka yote. Maji ya bahari yanapokauka shambani, kila madini hujitenga kwa wakati wake. Chokaa na jasi hutangulia kuganda. Halafu inakuja chumvi ya kulia, ndiyo inayokusanywa. Magnesi na potasi hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho, ambayo mkulima wa chumvi huyamwaga. Kwa hiyo gunia lile lina sehemu moja tu ya bahari. Samaki na viumbe wa mawe wanahitaji zote.

Chumvi hupimwa kwa rifraktometa. Unadondosha tone moja, unachungulia kwenye mwanga. Tunataka isome 1.025, yaani maji yetu yawe mazito kidogo kuliko maji matamu. Hapa wengi hukosea bila kujua. Maji yanapokauka ndani ya tangi, chumvi haikauki nayo. Inabaki. Ukiona maji yamepungua sentimita moja ukaongeza maji ya bahari, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na baada ya mwezi mmoja samaki wako anaishi ndani ya achari. Kilichokauka ni maji matamu, kwa hiyo rudisha maji matamu. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo pale maji yanapoanzia, na kila asubuhi ongeza mpaka yafike kwenye utepe.

Maji matamu gani? Ya bomba yana klorini. Ya mvua yanayopita juu ya bati yanabeba zinki. Na haya maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi, ambayo naona watu wanayakinga wakidhani ni safi kama ya kuchemshwa, nawaomba kama fundi: msiyatie. Ndani ya kiyoyozi yamepita juu ya mabomba ya shaba. Shaba kidogo tu, isiyoonekana, inaua konokono, kamba na anemoni wote waliomo. Mimi mikono yangu inashika shaba kutwa nzima. Sigusi tangi kabla sijaosha mpaka kwenye viwiko, na nikasuuza sabuni yote.

Nikifika kwenye joto nakuwa nyumbani. Wenzetu wa nchi za baridi hununua hita kupasha maji. Sisi shida yetu ni kinyume. Klauni anastarehe kati ya nyuzi 24 na 27. Sebule ya Tanga mwezi Februari inapita 31. Maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake, huku samaki na bakteria wote wanahitaji hewa zaidi kuliko kawaida. Mashine ya kupoza ipo, ni friji ndogo tu, ninaweza kuitengeneza, lakini kwa tangi dogo inakula umeme kupita faida yake. Feni ndogo ya kompyuta, iliyoelekezwa juu ya uso wa maji, inashusha nyuzi 2 hadi 3. Ni uleule ubaridi unaousikia ukitoka kuoga upepo ukakupiga: maji yanayokauka yanaondoka na joto. Gharama yake ni kwamba maji yanapungua haraka, na kwangu huwa naongeza zaidi ya lita moja kwa siku katika miezi ya kaskazi. Ndiyo maana nilisema utepe kwanza.

Mnaoona hizo nyuzi 2 ni kitu kidogo, ulizeni wavuvi wa makamo kuhusu mwaka 1998. Bahari ilipata joto kupita desturi yake, na matumbawe ya pwani yote hii, Kenya, Tanzania, Ushelisheli, yakageuka meupe. Mengi hayakupona. Anemoni nao hupauka namna hiyohiyo, na klauni wake hana pa kuhamia.

Umeme ukikatika, kichujio kinasimama. Saa mbili tatu si neno. Ukikatika usiku kucha, hewa ndani ya maji inakwisha, samaki wanakosa pumzi, na bakteria tuliowangoja wiki sita nao wako hatarini. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, iweke mahali unapoweza kuipata gizani. Ukiikosa, chukua kikombe, chota maji ya tangi, uyamwage tena kutoka juu, tena na tena. Mke wangu na mimi tulipokezana usiku mmoja, kila nusu saa, mpaka umeme ulipowaka saa kumi na moja alfajiri. Nikiulizwa kama inafaa kukesha kwa ajili ya samaki wawili wa vidole viwili, nasema inafaa. Hawakuomba kuja sebuleni kwangu.

Tangi likiwa tayari ndipo tuzungumze samaki gani. Dunia ina aina karibu 30 za klauni. Yule wa mikanda mitatu meupe ambaye watoto wote wanamjua kwenye picha, Amphiprion ocellaris, si wa kwetu. Kwao ni upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Wa kwetu ni wawili mnaoweza kuwaona hapa: huyo wa ukanda mgongoni niliyewasimulia, Amphiprion akallopisos, na mwingine mweusi-kahawia mwenye mikanda miwili na mkia mweupe, Amphiprion allardi, anayepatikana kutoka Kenya mpaka Afrika Kusini. Waswahili wa Muscat nao wana wa kwao, Amphiprion omanensis, amebeba jina la nchi.

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa wa kwetu, ninawashauri mlee yule wa mbali, ikiwa amezaliwa kwenye tangi. Klauni ni miongoni mwa samaki wachache wa baharini wanaozalishwa na binadamu kwa wingi, tangu miaka ya 1970. Aliyezaliwa kwenye tangi amezoea chakula, amezoea kioo, na hakuna anemoni aliyeachwa peke yake mahali fulani kwa sababu yake. Muulize muuzaji ametoka wapi. Asipojua au asipotaka kusema, rudi na fedha zako.

Nunua wawili wadogo, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenziwe. Usihangaike kuuliza yupi jike. Klauni wote huzaliwa wakiwa hawajawa jike. Akikua anakuwa dume, na katika kundi ni mmoja tu, mkubwa wa wote, anayegeuka kuwa jike. Huyo jike akifa, dume wake anageuka jike, na mdogo aliyekuwa akingoja nyuma anachukua nafasi ya dume. Ukiwaweka wawili watamaliza wenyewe habari hiyo ndani ya miezi michache. Utamwona mdogo anajilaza ubavu na kutetemeka mbele ya mkubwa. Haumwi. Anamtii. Ukiweka watatu katika lita 84, wa tatu atapigwa mpaka afe.

Kumwingiza kunataka saa nzima. Zima taa. Maji ya tangi yadondoke tone kwa tone kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye chombo alichokuja nacho, ili chumvi na joto vibadilike taratibu. Kisha mtoe kwa chujio, maji ya dukani usiyatie. Mwenye nafasi amweke kwanza wiki 4 kwenye chombo cha pembeni chenye sponji iliyokwisha kupata bakteria, kwa sababu klauni wana ugonjwa wao wa ngozi, ute mweupe unaowavuka, na ukiingia tangini ni vigumu kuutoa.

Chakula ni kamba aliyekatwakatwa mpaka awe kama punje za mchele uliovunjika, au ngisi, au uduvi aliyeloweshwa chumvi ikatoka, mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Mkate hapana. Ugali hapana. Kila wiki toa lita 8, rudisha lita 8 za maji mapya ya chumvi ileile na joto lilelile.

Na anemoni? Kila anayekuja kwangu anauliza. Klauni bila anemoni ndani ya tangi anaishi vizuri, kwa sababu hakuna wa kumla. Anemoni bila matunzo haishi. Ni mnyama anayebeba mwani mdogo ndani ya mwili wake, kwa hiyo anataka taa kali. Anatembea, akifika kwenye pampu ananyonywa na kukatika. Akifa, siku moja tu anaoza na kuchafua maji yote pamoja na kila aliyemo. Subiri mwaka mzima tangi likomae. Mimi nilisubiri, na mwishowe niliamua nisiweke. Klauni wangu wamechagua kigae cha chungu kilichovunjika, ndicho wanachokilinda kana kwamba ni anemoni.

Na kwenye kigae hicho, mwaka wa tatu, jike alitaga. Mayai kama mia mbili, ya rangi ya machungwa, yamesimama wima kama mpunga. Dume ndiye aliyeyatunza. Siku nzima anapepea kwa mapezi, anachukua kwa mdomo lililoharibika, jike akisogea karibu anamsukuma. Siku ya sita niliona macho: kila yai lina vidoto viwili vya fedha vinakutazama. Usiku wa nane, nusu saa baada ya kuzima taa, nikamulika kwa kurunzi, nikaona vumbi linaogelea. Nikamwita binti yangu. Hakuna hata mmoja aliyefika siku ya nne, kwa sababu wanahitaji wanyama wadogo mno wanaoitwa rotifa tangu saa za kwanza, nami sikuwa nao. Mtago wa kumi na moja nilikuwa nao. Walibaki 17. Wiki ya pili mikanda yao meupe ikaanza kutokea, mmoja mmoja, kuanzia kichwani. Wawili kati yao ndio walio kwenye maabara ya shule hii kuanzia asubuhi ya leo, kwenye tangi ambalo wanafunzi wenu wamelilisha kamba aliyeoza kwa wiki saba bila kulalamika. Hilo Mwalimu Mkuu aliniomba nisilitaje mpaka mwisho.

Sasa chupa zetu. Nani aje? Wewe binti uliyekaa pembeni, ndiyo, njoo mwanangu. Hizi ni tyubu mbili za kioo. Mimina mililita 5 kutoka chupa ya kushoto humu, na 5 kutoka chupa ya kulia humu. Vizuri. Kichupa cha kwanza cha dawa, matone nane kila tyubu, hesabu kwa sauti wote wasikie. Sasa kichupa cha pili, nane tena. Funika, tikisa polepole. Tunangoja dakika tano. Ikibaki manjano, hakuna amonia. Ikigeuka kijani, ipo. Wa nyuma sogeeni mbele, msiogope, kuna nafasi.